Mashine Iliyogawiwa Matangani

Nyakato, Mwanza
14 Januari 2024

Kwako Rodrick, mdogo wangu mkaidi,

Ni mimi mzee wako Eliufoo, bado nipo, ingawa hukuniuliza. Krismasi imepita, mwaka umegeuka, na wewe kimya. Najua Desemba watu wa Kilema hamshikiki, mnachinja na kunywa mbege kutwa, lakini sasa ni katikati ya Januari, hata mbuzi wenyewe watakuwa wamekwisha. Au umeoa? Kama umeoa niambie nipunguze kutuma vifaa, maana sijaona mke atakayekubali mashine ya gemu sebuleni mwake.

Ndani ya boksi hili kuna kapasita za skrini, zile ulizoniandikia, na waya wa solda ulio mzuri, si ule wa kwenu Himo unaokataa kuyeyuka. Badilisha kapasita zote, hata zinazoonekana nzima. Kapasita ya zamani ni sawa na mtu mwenye shinikizo la damu: anatembea, anacheka, kesho hayupo. Na nakurudia, maana wewe husikii: usiingize mkono nyuma ya skrini kabla hujaitoa umeme. Hata ikikaa wiki nzima imechomolewa, umeme unabaki mle ndani unakusubiri. Bisibisi yenye mpini wa plastiki, waya kwenye chuma chake, ncha ya pili ya waya kwenye fremu ya skrini. Ikilia paa, ndiyo salama yako.

Yangu inawaka vizuri. Jana nimerusha ile ndege ya kwenye gemu na kulipua mawe mpaka wajukuu wakanifukuza wapate kuangalia tamthilia. Tangu klabu ya kiwanda cha sukari ilipofungwa na zile mashine mbili zikatupwa nje kwenye mvua, mimi nikabeba moja na wewe ukaja kuichukua ya pili, sijapata raha kamili. Pacha mmoja anaongea, mwingine bubu. Maliza kazi, bwana.

Simu usinipigie. Masikio yangu yalibaki kiwandani kwenye mitambo ya miwa. Andika.

Mzee wako,
Eliufoo


Kilema
2 Februari 2024

Mzee Eliufoo, shikamoo.

Mimi ni Digna, dada yake Rodrick. Ninafundisha shule ya msingi hapa Kilema na ninakaa na mama yetu. Boksi lako lilifika Himo, ofisi ya basi wakapiga simu ya Rodrick. Simu ninayo mimi. Nikaenda kulichukua.

Rodrick amefariki. Alianguka zizini asubuhi akikamua, wiki moja kabla ya Krismasi. Daktari alisema ni shinikizo la damu. Watu walikuwa wameshaanza kuja nyumbani kwa sikukuu, kwa hiyo mazishi yalikuwa makubwa. Tulimzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, pembeni ya baba. Hatukujua namna ya kukupata, ndiyo maana hukuarifiwa. Samahani kwa hilo.

Kapasita ziko kabatini, pakavu. Nikurudishie, au nifanye nini nazo?

Mama hajambo. Mimi sijambo. Ng'ombe amezaa.

Wako,
Digna


Nyakato, Mwanza
11 Februari 2024

Digna mwanangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma upya. Halafu nikakumbuka upuuzi niliomwandikia kuhusu kapasita na shinikizo la damu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Unisamehe. Mimi mdomo wangu hutangulia, akili inafuata nyuma na mkongojo.

Nimelia. Sikufichi, mwanamume mzima wa zaidi ya miaka sabini, nimelia mpaka binti yangu akaja mbio akidhani nimeanguka. Rodrick alikuwa mtoto wa rafiki yangu, baba yenu tulifunga naye nyaya kiwandani miaka mingi, lakini mwishowe akawa rafiki yangu mimi mwenyewe. Mungu ampumzishe. Mpe mama yako pole zangu, mwambie ni Eliufoo fundi umeme, atanikumbuka kwa kelele.

Usirudishe kitu. Niambie mashine iko wapi. Ikiwa ipo, na wewe una macho na mikono, tunaweza kuimaliza. Nitakuelekeza kwa barua kama nilivyomwelekeza yeye, na yeye alianza hajui hata fyuzi inafanya nini. Kama hutaki, sema hutaki, sitanuna. Ila usimpe mtu wa chuma chakavu.

Eliufoo


Kilema
3 Machi 2024

Mzee, shikamoo.

Mashine ipo. Iko chumbani kwake, nimeifunika shuka. Nimebadilisha kapasita kama ulivyoeleza. Vidole viliungua kidogo. Nimewasha, skrini inaonyesha mistari tu. Niambie kinachofuata.

Nikuambie pia kwa nini nataka iwake, usije ukadhani napenda gemu. Mimi sikulia. Msibani nilipika, nikagawa sahani, nikaosha masufuria, nikapokea wageni. Kaburini nilisimama nikaangalia udongo. Wanawake wa jumuiya wanasema dada mtu hakulia, ana roho ya jiwe. Siwezi kuwabishia. Naingia darasani, nafundisha, nasahihisha, narudi nyumbani. Mtu akinisalimia naitika. Hakuna kinachouma. Hakuna chochote, Mzee, ndiyo shida yenyewe.

Kila jioni alikuwa anakaa na ile mashine, na kila jioni akisema, "Digna, siku ikiwaka wewe ndiye wa kwanza kucheza." Klabuni wasichana walikuwa hawaruhusiwi kuingia, tulikuwa tunachungulia dirishani. Nadhani ikiwaka nitalia. Nataka kulia. Sina sababu nyingine.

Digna


Nyakato, Mwanza
12 Machi 2024

Digna,

Mistari ya rangi gani? Imelala au imesimama? Inacheza au imetulia? Mtu aliyeona mistari kwenye skrini baada ya kazi ya wiki mbili ananiandikia kurasa tatu za mistari. Wewe umeniandikia neno moja. Tena hukusema kama ililia paa ulipoitoa umeme, na hakuna binadamu anayesahau ile sauti mara ya kwanza.

Njia ya mwongo fupi, mwanangu. Hiyo mashine hujaiwasha. Nimefundisha vijana wengi kazi, najua anayenipa ripoti ya kazi asiyoifanya. Sijakasirika. Au nimekasirika kidogo, imekwisha. Hayo mengine uliyoyaandika ni ya kweli, nimeyaona ni ya kweli, ndiyo maana nauliza. Niambie kilichopo hapo mbele yako.

Eliufoo


Kilema
30 Machi 2024

Shikamoo Mzee.

Ni kweli, nilidanganya. Nilitegemea nitaikusanya kwanza, halafu usijue.

Mashine haipo chumbani kwake. Waliigawa. Siku ya kuanua matanga watu wa mjini walikuwa wameshakata tiketi za kurudi, kikao kikaenda haraka. Rodrick hakuwa na mke wala mtoto. Nguo zikagawiwa, panga, redio, buti za mvua. Ikafika zamu ya mashine. Baba mkubwa Basili akasema kitu kikubwa namna ile hakiwezi kwenda nyumba moja, itakuwa maneno. Akaita bisibisi. Wewe ni mtu wa huku huku, unajua mbuzi anavyogawiwa, kila ndugu na kiungo chake. Kasha alichukua yeye Baba mkubwa. Skrini ikaenda kwa binamu yetu Wilson, anaamini siku moja atapata kitu cha kuigeuza televisheni. Shangazi Beatrice akapewa kioo cha juu chenye picha ya ndege, pamoja na ubao wa vitufe. Zikabaki bodi zenye chipu, na nyaya. Mimi ni dada, nikapewa utumbo.

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe.

Usifikiri nimeutupa huo utumbo. Nimeutunza. Januari tulipofua na kuanika vitu vyake vyote, kama inavyotakiwa, na bodi nilizisafisha. Zilikuwa na vumbi la miaka na zile chipu kubwa zilikuwa na stika chakavu mgongoni, zimeshika masizi. Nikazibandua, nikafuta gundi kwa kitambaa, chini yake kuna vioo vidogo vizuri kabisa. Halafu nikaziweka juani kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kilikuwa kitupu maana kahawa ilikuwa imeshauzwa. Zilikaa pale Januari yote na siku kadhaa za Februari, nikizitoa asubuhi na kuziingiza jioni. Sasa ziko safi kuliko alivyoziacha yeye.

Nielekeze namna ya kuwaomba wenzangu vipande vyao. Mimi sijui kuomba kitu cha matanga.

Digna


Nyakato, Mwanza
9 Aprili 2024

Digna mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Acha niseme tu.

Vile vioo vidogo ni vidirisha. Chini ya vidirisha ndimo gemu lenyewe lilimoandikwa: ndege, mawe, sauti, namba, kila kitu. Chipu za zamani zilitengenezwa hivyo, zifutwe kwa mwanga zikihitaji kuandikwa upya. Stika zile zilikuwa za kuziba mwanga. Siku moja juani haina neno. Jua la Januari la huko mlimani, kutwa, kwa wiki zote hizo, limefuta kila kitu. Bodi ni nzima na safi, nakuamini, ila ndani yake hamna kitu.

Hukukosa. Mtu anaanika vitu vya marehemu, ndivyo tulivyolelewa. Hata mama yangu angezianika. Kosa ni langu, sikuwahi kumwambia Rodrick aandike onyo, sikufikiri zitashikwa na mikono mingine.

Za kununua hazipo, usiniulize. Nimeshawahi kuzitafuta.

Eliufoo


Kilema
20 Aprili 2024

Mzee, shikamoo.

Nimeelewa. Nimefuta nilichobakiwa nacho. Nimeisoma barua yako, nikapeleka ng'ombe maji, nikarudi nikasahihisha daftari za darasa la tano.

Usitume kitu tena.

Digna


Nyakato, Mwanza
2 Mei 2024

Digna,

Nimetuma. Mimi si mwanafunzi wako wa darasa la tano uniambie tuma, usitume.

Kwenye boksi kuna kikopo cha maziwa ya unga, ndani kimejaa pamba, ndani ya pamba kuna chipu. Nilizikuta nikipekua vitu vyangu vya akiba, uzee huu, mtu anasahau alichonacho. Zina stika mpya. Ukizibandua nitakuja huko na fimbo. Nimechora kwenye karatasi kila moja inakaa wapi, na kale kaalama kadogo pembeni kaangalie upande gani. Ukiigeuza moja tu, umeichoma. Isukume polepole kwa vidole gumba viwili.

Kuhusu vipande, sina ujanja. Basili namfahamu tangu ujana, alikuwa mlinzi wa geti la kiwandani, hata meneja alikuwa hapiti bila kujieleza. Nenda na chochote cha kumlainisha, na usianze kuongea kabla hajakuuliza.

Eliufoo


Kilema
23 Juni 2024

Mzee Eliufoo, shikamoo.

Umeandika mara mbili kuuliza kama nimepokea. Nimepokea. Nilitaka nikuandikie siku kukiwa na cha kuandika.

Nilikwenda kwa Baba mkubwa Basili na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikakaa. Akaongelea mvua, akaongelea bei ya mbolea, akaongelea mtoto wa jirani aliyefeli. Mwishowe akaniuliza nimekuja na nini moyoni. Nikamwambia nataka kasha. Akasema kilichotoka kwenye matanga hakirudi nyumba ya marehemu, ni kama unamwita. Nikamwambia simwiti mtu, nataka kuiwasha mashine mara moja. Akafikiri. Akasema, "Kasha halitoki hapa. Mkitaka kuwasha, na hao wengine walete vyao hapa hapa." Nikasema sawa. Tukaenda kuliangalia, tukakuta kuku ameatamia ndani. Tukasubiri aangue.

Wilson alikataa, akasema skrini ni fungu lake. Shangazi Beatrice akamwambia basi aje ameibeba mwenyewe, akae nayo, arudi nayo. Hapo akakubali. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita tukakutana uani kwa Baba mkubwa, kila mtu amebeba kipande chake cha Rodrick. Mama naye alikuja, hakuna aliyemwalika. Alibeba kiti chake.

Kapasita za skrini nilibadilisha pale pale, safari hii kweli. Niliitoa umeme kwanza, kwa bisibisi na waya. Ililia paa. Wilson aliruka nyuma akamkanyaga Shangazi. Mimi sikushtuka hata kidogo, nikaendelea, na hilo ndilo lililoniogopesha siku ile kuliko umeme wenyewe. Kisha nikapanga chipu kwa mchoro wako.

Mzee, zile chipu si za akiba. Kitu cha akiba hakina vumbi upande mmoja tu. Miguu yake ilikuwa na mikwaruzo inayong'aa, imechomolewa juzi juzi, na mmoja ulikuwa umepinda ukanyooshwa kwa koleo. Na wewe uliyemwandikia Rodrick kuhusu mawe uliyolipua, tangu Mei huongelei mashine yako kabisa. Umeichinja yako. Sijui niseme nini. Nimeandika asante hapa nikaona ni neno dogo, lakini sina jingine. Asante.

Iliwaka. Wilson alichomeka plagi, ikanguruma, skrini ikakaa nyeusi tukaanza kutazamana, halafu mawe yakaja. Kasha bado linanuka kuku. Baba mkubwa akasema yeye ndiye mkubwa, atangulie. Nikakumbuka maneno ya Rodrick, ila sikuwa na nguvu ya kubishana, nikampisha. Ndege zake zilikwisha akiwa bado anauliza kitufe cha kupigia ni kipi. Akabaki ameshikilia mkono wa mashine, hauachii. Akasema, "Ndiyo hii? Ndiyo hii aliyokuwa anahangaika nayo, na mimi nikaita bisibisi?" Akaanza kulia. Baba mkubwa Basili, Mzee, yule unayemjua wa getini. Shangazi akalia. Wilson akageukia migomba. Mimi nikawa nimesimama, nasubiri zamu yangu ya kulia.

Nikacheza. Nililipua mawe kadhaa, nikafa, nikacheza tena. Nilikuwa najitazama kama ninavyomtazama mtoto kwenye mtihani, kama sasa litakuja. Halikuja. Mashine ilikuwa inawaka, kila kitu kilikuwa kama nilivyokiomba, na ndani yangu palikuwa pale pale. Nikawaza, basi, nimemaliza dawa zote.

Tukarudi nyumbani, mimi na Mama. Mashine tuliiacha kule. Ina wenyewe wanne sasa na hakuna anayeweza kuihamisha bila wenzake, watagombana mpaka Desemba. Nikawasha moto, nikapika kiburu, ndizi na maharage, chakula cha kawaida tu, nikapakua sahani mbili kama kila siku.

Nikala. Nilipofika katikati nikagundua kwamba naonja. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Nataka nikueleze vizuri, maana kwa mtu mwingine ningeona aibu kuandika jambo hili: tangu Desemba nilikuwa nakula kwa kuwa saa imefika na sahani ipo. Jumamosi nilikuwa na njaa. Njaa ya kuuma, ya mtu aliyelima. Nikamaliza, nikaenda kwenye sufuria nikajipakulia tena, nikala nimesimama pale pale jikoni kwa mkono.

Mama alikuwa ananiangalia. Yeye pia hakuwa amelia tangu tulipozika, nilikuwa sijakuambia, alikuwa ananisubiri mimi nipone kwanza. Aliponiona nakomba sufuria akafunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, na majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Mimi bado sijalia, Mzee. Nilitoka mlangoni na ukoko mkononi, nikawaambia hakuna msiba, nilikuwa nakula.

Wako,
Digna